Kauli Iliyotangulia Bakuli

Jumatatu, tarehe saba ya mwezi wa Rajabu, saa tatu na robo asubuhi, katika mji wa Marjani uliotawaliwa na Sultani Ghanimu, Mwanate aliingia barazani mara ya tatu kumwombea baba yake, fundi wa nakshi aliyesingiziwa kuiba pete ya Sultani, na ambaye angekatwa mkono adhuhuri ya siku ile ile.

Desturi ya baraza ilikuwa hii: bakuli la shaba lenye tundu liliwekwa lielee birikani, na ndani yake alifungwa jini aliyeapishwa kumtimizia mlalamikaji amri moja, kama ingetamkwa kabla bakuli halijazama. Lakini kwanza zilisomwa sifa za Sultani kutoka ubao wa ukutani, na Waziri Badawi aliziongeza kila juma mpaka zikafika tisini na tatu, na hakuna aliyewahi kuzimaliza.

“Karibu tena, binti fundi,” Waziri akamdhihaki. “Juma lililopita ulizama kwenye ‘Simba wa Pwani Saba’. Leo tukuokolee wapi?”

Baraza likaangua kicheko. Mwanate akamkazia macho Waziri. Kilemba cha Waziri siku zote kilikuwa na mikunjo saba. Tangu pete ipotee, alihesabu minane.

Bakuli likawekwa majini. Hakuutazama ubao.

“Vua kilemba, Waziri!”

“Na sifa zangu?” Sultani akanguruma. Lakini jini alikwisha kutoka kama moshi, akakinyakua kilemba, na pete ikaanguka ikabiringika mpaka miguuni pa kiti cha enzi.

“Bwana wangu, nilikuwa naihifadhi tu, kwa heshima na taadhima ya...”

“Mchukueni,” akasema Sultani. Kisha akamgeukia jini. “Kusema kule kunaitwaje?”

“Kusema kwa mkato, ewe Sultani.”

“Yaani kwa ufupi?”

“Hata kikohozi ni kifupi. Mkato ni neno dogo linalofika, na likishafika halihitaji jingine.”

“Na baba yangu amelala juu ya mawe miezi miwili,” Mwanate akasema, sauti ikimkatika kwa hasira, “kwa sababu wewe ulipenda kusifiwa!”

Sultani akainamisha kichwa. Akamfungua fundi, akampa nyumba na shamba la minazi, na akatoa hotuba ndefu kumposa Mwanate kwa ajili ya mwanawe Shehabu, ambaye peke yake hakucheka baraza lilipomcheka binti huyo.

“Nakubali. Mahari yangu ni ubao ule.”

Na msikilizaji ajue kwamba kumchelewesha mwenye haki kwa maneno matamu ni kumdhulumu mara mbili.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, Mwanate alitwaa shoka, akaupasua ubao vipande vipande, na kwa kuni zake akamchemshia baba yake uji.