Maji Chini ya Kiti cha Mkwe

Naftali alichota, akamwaga. Alichota tena, akamwaga tena. Kopo la bati lilikwaruza mbao za mashua, na kila lilipopanda lilipanda limejaa, kana kwamba Ziwa Kitangiri lote lilikuwa limeamua kupita mikononi mwake. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza, naye alikwisha kuchoka kama ng'ombe wa plau.

Mashua haikuwa yao. Mwaka ule uwele ulinyauka mashambani, na ofisa mmoja wa serikali ya Mwingereza, ambaye watu walimwita Bwana Samaki, aliileta kwa lori ili wanakijiji waijaribu kwa juma moja. "Jumamosi adhuhuri nitarudi," alisema. "Nikikuta kambare, mashua itabaki kwenu mpaka mavuno. Nikiikuta tupu, naipeleka ng'ambo." Vijana wengi walikuwa wamekwenda kukata mkonge Tanga. Kazi ikamwangukia Naftali, ambaye maisha yake yote alikuwa mchonga mizinga ya nyuki, na mkwewe Mzee Isaka, baba wa mkewe Elina. Leo ilikuwa Ijumaa, siku ya tano, na hawakuwa wamepata hata mkia.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Katikati ya mashua palikuwa na sanduku la mbao la kuwekea chambo hai, kwa maana kambare wakubwa huvutwa na samaki mdogo anayechezacheza kwenye ndoana. Mtu aliyekaa hapo alitakiwa kumimina maji mapya sandukuni kila mara, na yale yaliyochakaa yatoke kwa kitobo cha ubavuni. Asipofanya hivyo, chambo huelea tumbo juu. Mashua nayo ilikuwa na tundu moja nyuma, sakafuni, la kuikausha ikiwa imevutwa nchi kavu. Ikiwa majini, tundu hilo huzibwa kwa kizibo cha mti.

Maji yalikuwa yakiingia kwa tundu hilo. Naftali alilijua jambo hilo tangu Jumatatu, maana aliyaona yakija yakitambaa kutoka nyuma. Lakini tundu lilikuwa chini ya kiti, na juu ya kiti alikuwa ameketi mkwe wake akisukuma mashua kwa mti mrefu. Kwa desturi yao mtu hapitishi mkono chini ya kiti cha baba mkwe, wala hamwambii, "Inuka." Kila walipofika ufukoni mzee alimwambia, "Nenda ukapumzike, nitaifunga mwenyewe," naye hakuthubutu kubisha. Basi alichota na kumwaga. Na mikono inayochota maji ya mashua haiwezi kubadilisha maji ya chambo.

Laurenti, mtani wao kutoka Usukumani, alipita na mtumbwi wake.

"Enyi Wanyiramba! Mnavua, au mnalihamisha ziwa?"

"Pita salama, mtani," alijibu Mzee Isaka. "Rudi kwa ng'ombe wako, ziwa hulijui."

"Nalijua, mzee wangu! Kwetu mvuvi hukaa juu ya maji, hakai ndani yake!" Akaenda zake, kicheko kikimfuata.

Naftali alifunua sanduku. Kati ya samaki arobaini, watatu tu walikuwa bado wakipumua. Kamba ya ndoana ilikuwa imekaa kapuni, haijalowa. Akaliweka kopo chini.

"Baba," alisema, macho yakiwa kwenye maji, "unisamehe. Nina neno la aibu."

"Sema."

"Maji yanatoka chini yako."

Mzee Isaka aliacha kusukuma. Mashua ikasimama. Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu, na Naftali akangoja karipio.

"Najua," alisema mzee.

"Unajua, baba?"

"Jumatatu, ulipokwenda kuleta kamba, nilichomoa kizibo nikitaka kujua kilivyo. Kikaniponyoka ziwani. Nikaziba kwa gunzi na kitambaa, na kila jioni naweka gunzi jipya. Niliona haya, mwanangu. Nilisema, huyu atakwenda kumwambia Elina kwamba baba yake hawezi kushika hata kizibo."

Naftali hakujua acheke au alie. "Siku tano, baba! Nami nimechonga mizinga tangu sijaota ndevu. Kizibo kisingenishinda."

"Na mimi siku tano nakutazama," alisema mzee polepole. "Nikasema moyoni, kijana huyu ana nguvu, ila hana macho."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Kisha Mzee Isaka aliinuka, akasogea mbele. Naftali aligeuza uso pembeni kwa heshima, akapitisha mkono chini ya kiti, akalishikilia gunzi lililokuwa limelainika kama ugali mpaka wakafika ufukoni.

Mchana wote alichonga kipande cha mninga. Alikipima tunduni, akakipunguza, akakipima tena. Jua lilipotua kizibo kilikuwa kinaingia, lakini bado kilipwaya upande mmoja. Kilihitaji kulala majini ili kivimbe, na asubuhi kinyolewe upya. Sanduku la chambo lilikuwa tupu. Ingebidi samaki wengine wadogo wavuliwe alfajiri, kamba yenye ndoana sitini itegwe, na kambare wakubali kula kabla lori halijafika.

"Tutawahi?" aliuliza Mzee Isaka.

"Sijui, baba. Jumatatu tungewahi."

Mzee alikiweka kizibo ndani ya maji, akakigandamiza kwa jiwe, wakaondoka pamoja.

Si haki kuwalaumu sana, maana mmoja alinyamaza kwa heshima na mwingine kwa haya. Lakini dawa ilikuwa mikononi mwa mmoja na ugonjwa chini ya mwingine, hatua mbili kati yao, nao wakachota maji siku tano. Aoneaye haya shida yake hukaa nayo: mficha uchi hazai.