Pipa la Bi Sikudhani

Samadi haiombi radhi kwa kunuka. Mmeyasikia maneno haya leo kwa yule binti fundi wa pikipiki, mteja alipomwambia kwamba mwanamke hapendezi kunuka grisi, na sasa mmenijia mnacheka na kuuliza yametoka wapi. Haya, chekeni mmalize. Msidhani ni maneno ya wahenga wa enzi za mababu. Methali hii ina mwenyewe, ilizaliwa hapa hapa mjini Morogoro, na chanzo chake ni pipa.

Katika mtaa wa Kwa Mkomola, kando ya mfereji wa maji ya mvua, palikuwa na ukanda wa ardhi ambao wenyewe walikuwa panya. Watu walitupa pale chupa, matairi, nepi za watoto na paka waliokufa. Bi Sikudhani Lukwele, kibarua chake kiwandani kilipoota nyasi, alikwenda kwenye mkutano wa mtaa akaomba apewe ukanda ule alime mboga. Walimpa huku wakicheka. "Uchukue na panya wake," walimwambia. Akauchukua. Alizoa uchafu kwa mikono yake, akayapanga yale matairi yakawa vitalu vya vitunguu, akaulisha udongo maganda ya ndizi, majani makavu na majivu mpaka ukawa mweusi. Baada ya misimu michache mchicha ulisimama pale, na chainizi, na matembele, na mnafu. Kwa Mkomola yote hapakuwa na sufuria isiyoijua mboga yake.

Mbolea ya chumvichumvi hakuitaka, wala dawa za dukani. Wadudu aliwafukuza kwa maji ya mwarobaini na pilipili. Mboga zenyewe alizinywesha kitu alichokiita supu: alijaza gunia samadi ya mbuzi na kuku, akalifunga kamba, akalitumbukiza kwenye pipa la maji, na kila asubuhi akalikoroga kwa mti. Ilinuka. Sitawaficha, ilinuka hasa! Lakini pipa lilikaa wazi, harufu ikapanda na kuchukuliwa na upepo wa mlimani, na watu wa mtaa wakaizoea.

Kisha Bwana Dilunga akajenga ukumbi wa sherehe, ukuta wake umepakana na bustani. Ukumbi ulikuwa mzuri, wa vigae na feni, ila magari ya wageni hayakuwa na pa kukaa. Jicho la Dilunga likatua kwenye mchicha. Hakusema anataka ardhi, maana watu wa namna ile hawasemi wanachokitaka. Alisema harufu. Asubuhi harufu, jioni harufu, mpaka akamchosha mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kibwana. Huyu alikuwa mtu mwema lakini mpenda amani kupita kiasi, aliyetaka kila ugomvi uishe kabla chai yake haijapoa.

Wakaja bustanini wote wawili.

"Bi Sikudhani," alisema Mzee Kibwana, "mwenzio ana harusi ukumbini Jumamosi. Hebu lifunikwe hilo pipa mpaka harusi ipite. Jumapili tutakaa mkutanoni tuyamalize."

"Mwenyekiti, supu hii inachacha. Pipa linapumua. Ukiliziba mdomo litatafuta pa kutokea."

"Pipa linapumua!" Dilunga alicheka. "Na kukohoa je, linakohoa?"

Akaleta mfuniko yeye mwenyewe. Akaupaka udongo wa mfinyanzi ukingoni, akaukaza kwa mipira ya baiskeli, juu akapachika jiwe. Bi Sikudhani alisimama mikono kiunoni.

"Umefunga wewe," alisema, "na mwenyekiti ameona."

Wiki ile jua liliwaka bila huruma. Kufikia Ijumaa pipa lilikuwa limevimba tumbo. Bi Sikudhani alimtuma mdogo wake Mwantumu, aliyekuwa mpishi kule ukumbini, amwambie tajiri yake aje alifungue. Jibu lililorudi ni kwamba atakayeligusa kabla ya mkutano ataitiwa mgambo.

Jumamosi mchana, bibi harusi ameshaketi, vigelegele vimepamba moto, mshereheshaji anawaita wazazi waje kwenye keki, pipa likasema lake. Pu! Mfuniko uliruka na jiwe lake, na supu iliyonyimwa pumzi wiki nzima ikalipukia ukuta wa ukumbi na kupenya madirishani. Wageni walitoka wakikanyagana, khanga na tai puani. Hakuna aliyeumia, isipokuwa fahari ya mwenye ukumbi.

Bi Sikudhani alimwona bibi harusi analia barabarani, na moyo ulimuuma kweli. Alimwendea, akamshika mkono, akamwambia, "Pole, mwanangu, pole sana." Wanawake wa mtaa wakafungua nyua zao, wakatandika mikeka, na harusi ikaliwa huko hadi jua likazama.

Jumapili mkutano ulifurika. Njiani Mwantumu alimshika dada yake mkono.

"Dada, omba radhi yaishe. Neno moja tu. Bwana Dilunga ameniambia wazi, usipoomba sina kazi."

"Nikiomba radhi nimekiri kwamba bustani ni kosa, Mwantumu. Na kosa huondolewa. Wanangoja nilitamke hilo neno ili walete magari yao."

Mwantumu alifuta macho kwa ncha ya khanga.

Dilunga alizungumza kwanza, na alizungumza sana. Aliomboleza ukuta, viti, mapazia, jina lake mjini. Watu waliguna kumwonea huruma, na wengine walikuwa na nguo zilizoharibika kweli. Kisha Mzee Kibwana akamgeukia Bi Sikudhani kwa sauti laini.

"Mama, tusivutane. Waombe radhi watu hawa, uache ule ukanda, tutakutafutia pengine. Yaishe."

Bi Sikudhani akasimama.

"Bibi harusi nimempa pole. Na ninyi mlioharibikiwa nguo, poleni, zileteni nizifue. Radhi siombi. Mizoga yenu ilioza pale miaka na miaka, nani aliwaomba radhi? Nilipoizoa kwa mikono hii, nani kati yenu alikuja japo na koleo? Pipa lilikaa wazi, mkalala, mkala, mkazaa. Limelipuka siku lilipozibwa mdomo, na aliyeliziba yule pale, amevaa suti. Mchicha wangu mnausifu mezani. Mlitaka niuoteshe kwa marashi?"

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, akajikamata.

"Samadi haiombi radhi kwa kunuka," alisema Bi Sikudhani. "Inafanya kazi yake. Na mimi siombi radhi kwa kufanya yangu. Mkitaka kung'oa, ng'oeni. Ila mng'oe kwa mikono yenu wenyewe, mchana kweupe, huku ninawatazama usoni."

Dilunga akamkazia macho Mwantumu, akamwambia mbele ya watu, "Mshauri dada yako, kama unaipenda kazi yako."

Mwantumu akainuka. Alivua aproni ya ukumbini aliyokuwa amekuja nayo kiunoni, akaikunja vizuri, akamwekea tajiri wake mapajani. Kisha akaenda kusimama ubavuni mwa dada yake.

Mzee Kibwana alikohoa. Amani aliyoizoea haikuwepo tena, ikabidi afanye alichokikwepa tangu mwanzo. "Wanaotaka bustani iondolewe, wanyooshe mikono."

Dilunga alinyoosha. Karani wake alinyoosha. Mkono wa tatu ulifika sikioni, ukajikuna kichwa, ukashuka. Wengine wote walikuwa wameikalia mikono yao.

"Bustani ibaki," alisema mwenyekiti. "Pipa likae wazi. Na ukuta ataosha aliyeliziba."

Asubuhi yake Bi Sikudhani alitumbukiza gunia jipya pipani, Mwantumu akashika mti akakoroga. Harufu ikapanda juu ya ukuta wa ukumbi, ikaenda zake mjini bila kuomba ruhusa. Na maneno yakaifuata. Wazoa taka waliyachukua, wachuuzi wa dagaa wakayachukua, wasukuma mikokoteni wakayachukua, kila mtu anayetazamwa kwa jicho la pembeni na watu wanaokula jasho lake. Msije mkayatumia kukwepa kuoga, nawajua! Ni ya mtu anayefanya kazi halali, akaambiwa ainamishe kichwa kwa ajili yake. Huyo asiiname. Atazame watu machoni, awaambie: samadi haiombi radhi kwa kunuka.