Mguu Mmoja, Kisanduku Kimoja

Sogeeni, niwape shauri lililonishinda. Mwenye hasira asiiache mlangoni, aingie nayo.

Milimani Upare, katika kijiji cha Kivumba, watu watatu walijulikana kwa ujuzi wao. Togolai, muuguzi pekee wa zahanati, alikuwa na vidole vinavyosikia: akikugusa anajua damu inapita wapi na imekwama wapi. Daktari Zuhura, wa kliniki ya sukari katika hospitali ya bondeni, alizijua dawa kama mtu anavyowajua wanawe, na hakuwaogopa wakubwa. Naye Mshighati, fundi viatu wa sokoni, alikuwa na jicho: tembea hatua kumi mbele yake, atakwambia kiatu kinakuumiza wapi.

Wa nne ni Naetwe, mjane, mkulima wa tangawizi. Yeye alikuwa na kisukari, na kidonda.

Kidonda kilianza na kokoto ndani ya buti la shambani. Miguu yake ilikuwa na ganzi kwa sababu ya sukari, kwa hiyo aliikanyaga kokoto ile kutwa nzima asijue. Alipovua buti ndipo alipoona damu, chini ya unyayo, karibu na kidole gumba.

Akateremka hospitali. Gari la kwao lilishuka Jumatatu na Ijumaa tu.

"Kliniki ya sukari ni Jumanne, mama," wakamwambia dirishani, hata kichwa hawakuinua.

Mara ya pili akashuka Jumatatu, akalala kwenye benchi la nje hadi Jumanne. Wakampa namba themanini na nne. Wakahudumia sitini, wakafunga.

Mara ya tatu mguu ulikuwa umevimba na unanuka. Daktari wa upasuaji aliutazama akiwa amesimama, mikono mfukoni. Kisha akachomoa kalamu, akachora mstari chini ya goti.

"Jumatatu ijayo tunakata hapa."

"Mke wa mwenyekiti wa soko alikuwa na kidonda kama hiki," Naetwe akasema. "Mbona yeye mguu anao?"

"Yeye alikuja mapema."

"Mimi nimekuja mara tatu!"

Daktari alikwisha kumgeukia mgonjwa mwingine. Jina lake hakuliuliza. Naetwe akapanda gari kurudi mlimani na ule mstari mguuni.

Alipitia zahanati kuomba bendeji. Togolai akauweka mguu ule mapajani mwake, juu ya sare yake safi.

"Mama, nani aliushika huu mguu?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Waliuangalia."

Togolai akabonyeza juu ya wayo, akafumba macho, akautafuta mshipa. "Damu inafika," akasema. "Mguu huu u hai. Waliotaka kuukata hawakuugusa!" Tangu siku hiyo akawa anakiosha kidonda kila asubuhi, anakata nyama iliyooza, anapima sukari. Lakini muuguzi hana uwezo wa kufuta upasuaji, na zahanati yake haikuwa na insulini. Akampigia simu Daktari Zuhura.

Zuhura akaomba picha, akauliza maswali ishirini, kisha akaenda akalifuta jina la Naetwe kwenye orodha ya kukatwa.

"Akioza huko juu, utajibu wewe," daktari wa upasuaji akamwambia.

"Nitajibu. Na wewe utajibu kwa nini hukumpima."

Akapeleka insulini na dawa ya usaha kwa gari la mlimani. Kila jioni, baada ya kazi, akampigia Naetwe simu: leo ongeza, leo punguza, leo kula kwanza ndipo uchome. Sukari ikashuka. Usaha ukakauka. Ila wiki tatu zikapita na kidonda kiko wazi vilevile.

"Mama, unaukanyaga?" Zuhura akauliza.

"Nisiukanyage nipae? Tangawizi yangu inaoza ardhini! Ninyi mnaowaambia watu wakae kitako, mnawalimia?"

"Hilo," Zuhura akasema, "mimi sina dawa yake."

Siku ya soko Mshighati akamwona Naetwe akipita. "Dada, simama. Rudi, tembea tena." Akamwomba amwonyeshe unyayo, akaupima kwa uzi. Akachonga kandambili nzito za tairi, akatandika sponji la godoro, na pale penye kidonda akatoboa tundu, ili uzito wa mwili upite pembeni na kidonda kining'inie bila kuguswa. Mara mbili akazivunja akaanza upya. Mara ya tatu Naetwe akaenda nazo shambani.

Wiki ya saba kidonda kikafunga.

Habari zikafika wilayani. Akaja zahanati afisa mmoja aitwaye Kisaka, na fomu; Togolai na Mshighati wakaitwa, Zuhura akapigiwa simu. Wilaya imefurahi, akasema. Itafadhili huduma ya kisukari Kivumba, ila nafasi ni ya mtu mmoja tu. Naetwe, kwa kuwa mguu ni wake, ndiye atakayetia alama.

"Ukimchagua muuguzi, anabaki hapa na anapata vipimo vya mwaka mzima. Usipomchagua, mwisho wa mwezi anahamishiwa bondeni. Ukimchagua daktari, atapanda huku kila Alhamisi. Usipomchagua, zile simu zake zinakoma, kwa sababu hazimo kwenye ratiba. Ukimchagua fundi, anapewa chumba na vifaa. Usipomchagua, anabaki na viraka vyake sokoni."

"Bondeni mna muuguzi, daktari na fundi viatu, wote watatu," Naetwe akasema. "Kwenye korido moja! Huko nani aliambiwa achague?"

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Huku tuko watu thelathini na mmoja wenye sukari. Kwa nini mlima mzima upewe kiungo kimoja cha mtu? Chagua mkono, chagua jicho, chagua kichwa! Mnatuona nusu watu?"

Kisaka akatazama saa yake.

Togolai akasema taratibu, "Mchague daktari, mama. Bila dawa, mikono yangu ingekuosha mpaka ukafa."

Zuhura, kwenye simu, akasema, "Mchague Togolai. Bila yeye kukushika, mimi nisingejua kama upo duniani."

Mshighati akasema, "Nichague mimi, na sioni haya. Hao wawili watapata kazi popote. Dawa mlikuwa nayo, kuosha mlikuwa mnaosha, na kidonda kiligoma. Nikirudi kwenye viraka, nani atawachongea hawa thelathini?"

Hakuna aliyesema uongo. Hilo ndilo lililomchoma Naetwe zaidi.

"Na nikikataa kuchagua?"

"Basi fomu itarudi tupu," Kisaka akajibu, "na nafasi itakwenda kijiji kingine. Gari langu linaondoka sasa hivi."

Naetwe akaishika kalamu kama mtu anayeshika kisu. Majina matatu, kisanduku kimoja cha kutia alama. Nje dereva akapiga honi.

Niambieni basi, ninyi mlionisikiliza, na msinijibu kwa upole. Mkono ulioshika, kichwa kilichothubutu, au jicho lililoona? Au fomu ichanwe, na wale thelathini waambiwe nini? Kalamu iko mkononi mwako: ungetia alama wapi?