Kiti Kimoja Nyuma ya Nesi

Sogeeni karibu, na mwenye haraka ya kujibu aume ulimi kwanza, maana kisa hiki kimeshagombanisha watu wazima na akili zao.

Palikuwa na darasa la pili katika shule moja ya msingi huko milima ya Rungwe. Humo walikuwamo watoto watatu ambao mwalimu wao, Ambakisye, aliwafikiria hata akiwa nyumbani anakula.

Wa kwanza ni Bupe. Mama yake mdogo alikuwa na duka lenye televisheni, na chochote Bupe alichokiona humo jioni, asubuhi alikiigiza chote mbele ya wenzake: sauti, mwendo, hata tangazo la sabuni lililokatiza kipindi.

Wa pili ni Lusajo. Huyu hakuwa mtu wa kulia. Siku moja nyuki alimuuma sikioni katikati ya somo la hesabu, naye akanyoosha mkono, akaomba ruhusa ya kwenda kuutoa mwiba.

Wa tatu ni Sekela, na kipaji chake kilikuwa cha ajabu. Alichofanya Sekela, darasa zima lilifanya. Akishusha soksi moja, kesho yake soksi arobaini zimeshuka. Akicheka wanacheka, akilia bora Mwalimu atafute ndoo. Hakumwamrisha mtu. Walimpenda tu.

Sasa, mwaka uliotangulia Nesi Tusekile alikuja na pikipiki yake nyekundu kuwachoma watoto sindano za chanjo ya surua. Sekela alipoiona sindano alipiga ukelele, akarukia nje kupitia dirishani. Kufumba na kufumbua darasa lilikuwa tupu, na migomba ya nyuma ya shule inatikisika bila upepo. Nesi aliondoka na kisanduku chake cha barafu kikiwa kimejaa vilevile.

Mwaka huu mambo hayakuwa ya kuchekea. Surua ilikuwa imeingia kijiji jirani, na watoto wawili walikuwa wamelazwa. Mwalimu Ambakisye aliogopa sana. Kila alipolitazama darasa lake aliona madirisha kabla ya kuona watoto.

Nesi alifika asubuhi, akaitikiwa "Shikamoo nesi" kwa sauti nyembamba zenye mashaka.

"Marahaba. Mwalimu, dawa hii ina saa zake. Wakikimbia tena naipeleka shule inayofuata, na hapa sijui nitarudi lini." Kisha akawageukia watoto. "Haya, sikilizeni. Baada ya mapumziko tunaanza. Atakayefanya wenzake wasikimbie, nitampakia kwenye pikipiki mpaka njia panda. Na honi atapiga yeye!"

Darasa lilivuta pumzi kwa pamoja. Nani asiyeitaka honi ile?

Mapumziko yalipofika, Bupe alipanda juu ya jiwe. Alikuwa ameona kipindi cha katuni, sungura daktari anawafundisha wagonjwa wake kulegeza mkono na kupuliza kama mtu anayepoza uji. Akachukua kalamu kuwa sindano, akawapitia wenzake mmoja mmoja.

"Legeza mkono! Puliza uji! Usiangalie sindano, angalia uji!"

Walicheka, wakapuliza, wakarudia. Kengele ilipolia hakuna mtoto ambaye hakuujua mchezo ule, na Mwalimu, aliyekuwa akichungulia kutoka ofisini, alianza kupata matumaini.

Lakini sindano ya kalamu si sindano ya nesi. Ile ya kweli ilipotolewa, mchezo ulibaki uwanjani. Watoto wakaanza kusogelea madirisha kidogo kidogo, kila mmoja akijifanya anatafuta ufutio.

Hapo Lusajo akasimama. Alitembea mpaka mbele, akakunja mkono wa shati, akalegeza mkono, akapuliza. Sindano ikaingia, ikatoka. Hakutoa chozi hata moja.

"Umemaliza, Nesi?"

"Nimemaliza, baba. Hongera."

Mwalimu alitegemea makofi. Badala yake sauti moja ikatoka nyuma: "Lusajo naye wa kumwangalia? Huyo hata nyuki hamsikii!" Wengine wakaitikia kwa vichwa, na wawili wakawa tayari wana mguu mmoja dirishani. Moyo wa Mwalimu ukamshuka.

Ndipo Sekela akainuka.

Kila mtu akasubiri kuona anaelekea wapi, dirishani au mlangoni. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Akaenda kwa nesi. Akatoa mkono, akawa analia na kupuliza kwa pamoja, hata pumzi ikamtoka vipande vipande. Sindano ikaingia, ikatoka. Sekela akautazama mkono wake kwa mshangao.

"Imeisha? Mbona ni kama siafu tu!"

Miguu ikashuka dirishani. "Kama Sekela ameweza, mimi nani?" Foleni ikajipanga yenyewe, na kwa kuwa kifo cha wengi ni harusi, walisukumana nani atangulie. Darasa zima likawa linapoza uji usiokuwepo. Mwalimu Ambakisye alicheka mpaka akafuta macho, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu habari za surua zilipofika.

Hakubaki mtoto hata mmoja. Nesi akafunga kisanduku juu ya pikipiki, akatoa kofia ngumu ya ziada. Ilikuwa moja, na kiti nacho kilikuwa kimoja.

"Mwalimu, nipe mtu wangu."

"Ni mimi," akasema Bupe. "Bila mimi wangepuliza nini?"

"Ni mimi," akasema Lusajo. "Wewe ulichoma kwa kalamu. Mimi ndiye niliyejaribu kwa sindano ya kweli."

Sekela alitazama chini. "Mimi sijisifu. Lakini waulizeni, walipanga foleni nyuma ya nani?"

Mwalimu akakuna kichwa. "Lusajo, wewe huogopi kitu. Kusimama kwako kulikuwa na ugumu gani?"

"Niliogopa, Mwalimu. Nilipuliza kweli, kama Bupe alivyosema."

"Goti lake lilikuwa linatetemeka," akaongeza Sekela. "Niliona. Nikasema, kumbe hata yeye! Ndiyo nikainuka."

Mwalimu akazidi kuchanganyikiwa. Akajaribu njia nyingine. "Sawa, Sekela. Lakini mwaka jana ni wewe uliyewatorosha wenzako. Nikutuze kwa kuuzima moto uliouwasha mwenyewe?"

"Mwaka jana nilikuwa nakuangalia wewe, Mwalimu. Nesi alipotoa sindano ulifumba macho ukashika ukuta. Nikajua hapa kuna hatari."

Darasa likapasuka kwa kicheko, na nesi akalazimika kushikilia pikipiki isianguke. Maskini Mwalimu! Mwaka mzima alikuwa ameamini kwamba hakuna aliyemwona. Aibu ilimpanda usoni, lakini naye akajikuta anajicheka.

"Nesi," akasema, "mimi nimeshakuwa mshitakiwa. Hakimu atafutwe mwingine."

Nesi akawasha pikipiki. "Atafutwe haraka basi, shule inayofuata inaningoja."

Na watoto wale watatu wamesimama hapo mpaka sasa, wanatazama kofia. Mmoja aliwaletea wenzake maarifa, ila waliyaona mchezo tu. Mmoja alithubutu kabla ya wote, ila hawakumwamini. Mmoja waliamini alichofanya, ila yeye mwenyewe aliegemea pumzi ya yule na goti la huyu. Mwalimu amejitoa, na nesi hana muda.

Haya, wewe uliyekaa kimya tangu nianze, ipokee kofia hii. Utamvika nani?