Bega la Shaame

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, ndani ya pafu la mwanamke mmoja aitwaye Mwanahawa palikuwa na mji uitwao Kiini. Mji mdogo, nawaambia, hata sisimizi asingeuona. Mwanahawa mwenyewe hakujua kama upo. Yeye alikuwa mkaanga mihogo, na jiko lake lilikuwa la kuni, katika kibanda kisicho na dirisha.

Watu wa Kiini walikuwa na kazi moja tu, kuutunza Uzi. Ndio ule ambao huku nje wenye elimu huuita DNA. Ulisukwa kwa nyuzi mbili zinazotazamana, na juu yake walisimama watu wawili wawili, mume uzi huu, mke uzi ule, wameshikana mikono. Wa ukoo wa T alimwoa wa A. Wa ukoo wa G alimwoa wa C. Hawakuchanganya. Na kwa jinsi walivyopangana, mji ulijua lini ukue na lini upumzike.

Mize alikuwa wa ukoo wa C, na mumewe Shaame wa G. Walisimama mahali pazito, penye neno linaloambia mji, "Basi, imetosha." Mji wa jirani ulikuwa umelipoteza neno hilo. Sasa ulikua tu, ukisukuma kuta za wenzake, hausikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Mize alipenda kukumbuka. "Shaame, wamkumbuka Mwanahawa alipokuwa msichana?"

"Nitamsahauje? Akicheka, upepo unatufikia hapa, wa baridi, una harufu ya mvua."

"Na nyimbo zake."

"Eh, mke wangu, nyimbo! Tulikuwa tunatikisika mpaka tunashikana mikono yote miwili."

Siku zile zilikwenda. Mwanahawa akawa mtu mzima, akawasha jiko, na upepo ukageuka moshi.

Siku moja moshi ulishuka mzito kuliko wa kawaida. Ukamgonga Shaame begani, ukamuunguza. Maumivu hayakuwa makubwa. Balaa ilikuwa umbo, maana bega lilijipinda likawa kama bega la mtu wa ukoo wa T.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mji unapotaka kugawanyika kuwa miji miwili, huja wanakili. Huzitenganisha nyuzi, mume huku, mke kule, na kila mmoja humletea mwenzi mpya anayemfaa. Lakini wanakili wa Kiini hawasomi kwa macho. Wao husoma kwa kupapasa mabega! Wangempapasa Shaame wangesema, "Huyu T," wamletee mke wa ukoo wa A. Na safari ya pili ya kunakili, yule A angeletewa T wa kweli. Hapo neno la "basi" limekwisha haribika, na hakuna ambaye angejua kuwa pale aliwahi kusimama G.

Mize aliliona lile bega. Akalifunika kwa kiganja chake. "Nyamaza," alimwambia mumewe. "Mimi nakujua wewe ni nani. Yatosha."

Akaja Kombo, mkaguzi wa Uzi. Desturi yake ilikuwa kumvuta kila mtu kidogo nje ya mstari, kumpapasa, kisha kumrudisha akiwa mzima, au kumng'oa akiwa ameharibika. Alipofika kwa Shaame alivuta, Shaame hakutoka.

"Shemeji, mbona umemng'ang'ania hivyo?"

"Hapa salama, Kombo. Pita."

"Nipite vipi, na mtu sijamgusa?"

Mara Mwanahawa akakohoa, Uzi wote ukatikisika. Na kwa mbali wakasikika wanakili wakija.

"Mize," Shaame akasema, "niachie."

"Sikuachii."

"Ukinibakiza, mji huu utakuwa kama ule wa jirani. Na yule msichana wa nyimbo atakufa, wala hatajua kilichomuua ni nini. Niachie, mke wangu."

Mize alilia sana. Kisha akafungua vidole.

Kombo akampapasa Shaame, akamng'oa mstarini, akaukata uzi pale alipokuwa. Maji ya mji yakamchukua. Pakabaki pengo, na mbele ya pengo Mize, mkono wake bado umenyooshwa.

Akaja Bi Tatu mfumaji. Yeye hazibi pengo kwa kubahatisha. Humuuliza aliyebaki. "Mwanangu, mwenzio alikuwa wa ukoo gani?"

"Wa G."

"Una hakika?"

"Bi Tatu, nimeushika mkono wake maisha yangu yote."

Bi Tatu akamleta G mpya, akamsimamisha. Akaja Makame, mfunga fundo, akaziunga ncha za uzi. Alipokaza tu, wanakili wakafika. Wakapapasa. "G," wakasema, wakapita.

Kazi ikaisha, Uzi ukawa Nyuzi mbili kamili, mmoja kwa kila mji, salama. Kabla miji haijaachana, huimbwa wimbo, na jina la aliyeuokoa Uzi ndilo hutangulia. Litaimbwa katika kila mji utakaozaliwa humo mpaka pumzi ya mwisho ya Mwanahawa. Watu wakauliza, "Tuanze na nani?"

"Na mimi," alisema Kombo. "Wote mlipita pale mkasalimia mkaenda zenu. Mimi ndiye niliyesimama."

"Ulisimama ukatoboa," alisema Bi Tatu. "Kubomoa nako ni kazi? Mimi ndiye niliyeliziba pengo."

Makame akacheka. "Mkeka usiofungwa pindo, bibi yangu, uliuona wapi ukadumu? Bila fundo langu sasa hivi mngekuwa mnaokota nyuzi."

"Na Mize je?" akauliza mtu. "Jina la ukoo alilijua yeye peke yake."

"Mimi nilificha," Mize akasema. "Nilikaribia kuwaangamiza nyote. Lakini kama jina ni langu, mpeni Shaame. Alitaka kubaki kama mimi nilivyotaka abaki. Akaomba aachiwe."

Kombo akaja juu. "Shaame ndiye aliyekuwa ubovu wenyewe! Tutauimba ubovu?"

Huko nje Mwanahawa alikuwa amechoshwa na joto la kibanda, amelitoa karai lake uwanjani. Alikuwa akiimba chinichini kiwimbo cha utotoni, nusu amekisahau. Upepo ukashuka mpaka Kiini.

G mpya, yule ambaye wanakili walimletea Mize, akashtuka. "Upepo mzuri huu! Huwa hivi siku zote?"

Mize akautazama mkono ulioshika wake. Ulikuwa sawasawa na ule wa kwanza, kidole kwa kidole, ila haukukumbuka kitu. "Ulikuwa hivi zamani," alimjibu. "Ngoja nikusimulie."

Watu wa Kiini wanangoja, vinywa wazi, na wimbo haujaanza. Kombo aliyegundua, Bi Tatu aliyeziba, Makame aliyefunga, Mize aliyeficha kisha akasema kweli, au Shaame aliyeungua akaomba kuachiwa? Mimi nimewafikisha hapa, sasa semeni ninyi: nani alistahili kuutangulia wimbo?