Skrini ya Mfalme na Dawati la Sifuri

Hivi wewe unayesoma hapa, ukiona moshi unafuka jikoni kwako, utazima moto au utapaka rangi dirisha ili majirani wasiuone?

Usijibu haraka. Kuna nchi nzima ilichagua rangi. Soma mpaka chini, halafu mtumie yule jamaa yako wa ofisini anayependa kusema, "Tuache negativity."

Palikuwa na mfalme aliyejenga bwawa kubwa juu ya mji wake. Chini ya bwawa kulikuwa na mtaa unaitwa Bondeni, nyumba imeegemea nyumba. Mageti ya bwawa yakifunguka vizuri, Bondeni wanapata maji ya kunywa. Yakigoma wakati wa masika, Bondeni watayanywa yote kwa mkupuo mmoja.

Mageti hayo yaliendeshwa na kompyuta. Ndani ya kompyuta kuna kiini cha mfumo, wenyewe wanakiita kernel, na kazi yake ni kusikiliza kila kifaa: pampu, feni, kipimo cha maji, geti. Kifaa kikiwa na neno, kinakiambia kiini. Kiini kinaliandika kwenye kumbukumbu yake, na neno likiwa zito, kinalitoa kwenye skrini watu waone.

Uzito ulipimwa kwa namba. Saba ni umbea tu, feni imewaka, feni imezimika. Nne ni onyo. Sifuri maana yake tunakufa. Namba ikishuka, hali inazidi kuwa mbaya. Simple. Hata mtoto wa chekechea angeelewa, ila sisi tunazungumzia ikulu.

Skrini zilikuwa mbili, moja ukumbini kwa mfalme, kando ya bwawa, nyingine sokoni Bondeni, na zote zilionyesha maneno yaleyale.

Aliyeisimamia mashine aliitwa Zawena. Binti wa digrii ya kompyuta, aliyezunguka maofisini na bahasha ya vyeti mpaka bahasha ikachanika pembeni. Kazi hii aliipata kwa mkataba wa muda, bila bima, kwenye kiti kisicho na mgongo. Na alishukuru, maana ndivyo tulivyofundishwa, kushukuru.

Siku moja mfalme alikuwa na wageni kutoka ng'ambo. Katikati ya hotuba yake, skrini ikaandika: "Nne. Geti la chini linakwama."

Mgeni mmoja akasoma kwa sauti, kisha akauliza kwa upole, "Samahani, hilo geti lina shida gani?"

Mfalme akavimba. Wageni walipoondoka, akamwita Zawena.

"Nani ameruhusu mambo ya ndani yasemwe mbele za watu?"

"Ni mashine, Mtukufu. Na geti linakwama kweli. Mnyororo wake umeliwa na kutu, ubadilishwe kabla ya mvua."

"Nimekuuliza habari za mnyororo?"

Pembeni alikuwepo Waziri Kibwana, mwenye dhamana ya maji na habari, mtu anayeweza kucheka kabla mfalme hajamaliza mzaha.

"Mtukufu, hawa vijana wanajua vitufe. Aizime tu."

Zawena akaeleza. Skrini inaweza kuwekewa kizingiti. Maneno yataendelea kuandikwa ndani, ila hayataonekana nje. "Isipokuwa sifuri, Mheshimiwa. Waliotengeneza kiini hawakuacha njia ya kuizuia. Walifanya makusudi."

Kibwana akacheka. "Binti yangu, wewe umesoma lakini hujakaa serikalini. Haizuiliki ikishafika? Basi isifike!"

Siku hiyohiyo waraka ukatoka. Kuanzia leo, kifaa chochote hakitatamka sifuri bila kibali cha wizara. Chenye sifuri yake kitaandikiwa nne, kisubiri. Likaundwa Dawati la Sifuri, lenye mwenyekiti, makamu, na gari.

"Mheshimiwa," Zawena akasema, "maji hayasubiri kibali."

"Na hicho kiti chako hakikusubiri wewe. Wenye digrii kama yako wamejaa hapo nje, nikipiga chafya tu wanakuja na CV."

Tusimpambe Zawena. Alikumbuka bahasha yake, akabonyeza.

Skrini zikawa safi. Safi mno, Kibwana akaona zinafanana na msiba. Akamwagiza Zawena aziandikie salamu, mfululizo, mchana kutwa: "Karibu Mtukufu. Hali ni shwari." Na ili salamu zisizuiliwe na kile kizingiti, zipitishwe kwenye kiini zikiwa na uzito wa sifuri.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Geti lilinyimwa sifuri, sifa zikapewa. Na Dawati lilitoa kibali fasta, mhuri na kila kitu!

Zawena akajaribu tena. "Mheshimiwa, kumbukumbu ya kiini ni ya mduara. Ikijaa, neno jipya linakaa juu ya neno la zamani na kulifuta. Mkimwaga salamu hivi, mtafuta maonyo."

"Kwani salamu ina ubaya gani?" Kibwana akauliza. "Mbona una roho ngumu hivyo, mama?"

Masika yakaanza.

Mfalme naye akaandaa sherehe ya kuadhimisha utulivu. Ukumbi ulipambwa, pilau ikapakuliwa, na juu ya vichwa vyao skrini ikimwaga "Karibu Mtukufu, karibu Mtukufu."

Kwenye chumba cha mashine Zawena hakutegemea skrini. Alifungua kumbukumbu yenyewe, akapekua salamu kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Katikati yake akakuta: "Nne. Mnyororo wa geti la chini umekatika." Akapekua tena. "Nne. Maji yamepita ukingo."

Nne! Maji yamepita ukingo, halafu nne!

Akakimbia ukumbini. Mlinzi akamzuia kwa mkono.

"Dada, kibali cha sifuri unacho?"

"Kaka yangu, Dawati zima liko humo ndani linakula!"

"Basi si unaona? Subiri wanawe mikono."

Zawena akageuka. Akashuka mbio mpaka Bondeni, akampokonya muuza mitumba kipaza sauti chake.

"Bwawa linakatika! Pandeni kilimani! Acheni vitu, beba mtoto tu!"

Wengine walimtukana. Wengine walimtazama usoni, wakaona huyo hachezi, wakabeba watoto. Mtaa ukaanza kupanda.

Mzee Shomvi, fundi viatu, hakuinuka. Kibanda chake kilikuwa chini ya skrini ya sokoni.

"Babu, twende, nakuomba!"

"Tulia, mjukuu wangu. Soma hapo juu. Hali ni shwari."

"Hiyo nimeiandika mimi, babu! Kwa mikono hii! Ni uongo!"

Mzee akamwangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mgonjwa. "Uongo? Kwenye skrini ya serikali?" Akachukua sindano, akaendelea kushona soli.

Zawena alimvuta mkono. Mzee akaukomboa mkono wake taratibu, bila hasira. Maji yalipotokea kwenye kona ya soko, muuza mitumba ndiye aliyembeba Zawena juu juu hadi kilimani.

Wengi wa Bondeni walipona. Mzee Shomvi alikutwa baada ya maji kushuka.

Sasa sikia ya ukumbini.

Maji yaliingia chumba cha mashine. Na kiini kinapokufa chenyewe hakiombi kibali cha mtu. Kinajisemea. Salamu zikakatika, skrini ikawa nyeusi, ukatokea mstari mmoja mweupe: "Sifuri. Kiini kimeshindwa kuendelea." Ukaganda hapohapo.

Ndilo neno pekee la kweli lililopita pale tangu waraka utoke.

Unajua walifanya nini?

Walipiga makofi.

Kibwana alianza, kwa sababu Kibwana huwa anaanza. Akasimama, wote wakasimama. Hakuna aliyesoma. Walishazoea kwamba kilichoandikwa pale ni sifa zao. Walipiga makofi mpaka zulia likaanza kulia chwa chwa chini ya viatu vyao.

Mfalme alitolewa kwa mlango wa nyuma, mzima, suruali imelowa magotini. Kesho yake akaunda tume. Mwenyekiti? Kibwana. Nani mwingine!

Tume ikaifungua kumbukumbu iliyookolewa. Ukurasa juu ya ukurasa: Karibu Mtukufu, hali ni shwari. Hakuna onyo hata la dawa.

"Ushahidi huu hapa," Kibwana akatangaza. "Mashine haikuonya. Hatukuambiwa."

"Mliambiwa!" Zawena akapaza sauti. "Salamu zenu ndizo zilizofuta!"

Akafunguliwa kesi. Si ya mnyororo, si ya uongo wa kwenye skrini. Ya kuzua taharuki kwa kipaza sauti cha wizi. Na nje ya mahakama walikaa kwenye majani watu wote waliopona kwa taharuki hiyo, wamebeba watoto.

Hakimu akauliza, "Mshtakiwa, una la kujitetea?"

Zawena akasimama. "Sina, Mheshimiwa. Nakiri kosa. Nilichelewa kuwatia taharuki."

Akafungwa. Kibwana akahamishiwa wizara nyingine, yenye ukumbi mkavu. Dawati la Sifuri likaongezewa watumishi.

Funzo: Kuficha onyo hakuondoi hatari, kunamwondolea tu mtu wa chini nafasi ya kukimbia. Na anayejaza masikio yake sifa, siku ya kweli atapiga makofi.

Nanyi mlioshika vizingiti vya skrini zetu, mnajijua, msijifanye hii ni ya nchi nyingine. Hatutaki pole, hatutaki tume, na salamu zenu tumeshiba. Badilisheni mnyororo kabla ya mvua. Fungeni Dawati. Mtoeni Zawena ndani leo, na mwende kwa miguu yenu wenyewe mkaiambie familia ya Mzee Shomvi ni nani aliyeagiza iandikwe kwamba hali ni shwari.