Kindi Aliyejua Nani Yuko Karibu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika pilau na kugombana na majirani kama sisi, palikuwa na mji mkubwa ulioitwa Chanikuu.

Lo! Mji ule ulikuwa na vichochoro! Fundi huyu yuko nyuma ya kisima, yule yuko chini ya ngazi za ghala. Unazunguka kutwa kumtafuta mshona viatu mpaka miguu inawaka moto, kumbe ni jirani yako wa mlango wa pili.

Mpiga mbiu wa mji alikuwa Bwana Tembo. Alikaa uwanjani, akainua mkonga, "Mpaaaa!" akatangaza biashara. Lakini alizitangaza za wakubwa wenzake tu, waliomletea miwa kwa mikokoteni, Kiboko akiwa wa kwanza. Ukimwuliza chochote, jibu ni lile lile: "Nenda kwa Kiboko, mtoni!" Na mtoni ni mbali, mpaka ufike umekwisha sahau ulichofuata.

Sasa, mvua moja kubwa ikaangusha mti wa Kindi, mama mmoja mjane aliyeitwa Siwatu. Njugu zake zote zikachukuliwa na maji. Akabaki na wanawe wawili na mkia wake.

"Mama, tutakula nini?" wakauliza watoto.

"Ngojeni kwanza. Nafikiri."

Alipokuwa akifikiri juu ya paa, akasikia kilio. Alikuwa Swala, amebeba chungu kilichopasuka.

"Jamani! Leo namwoza binti yangu, wageni wako njiani, na chungu cha pilau ndicho hiki! Nitafika mtoni saa ngapi?"

"Mtoni kufanya nini, dada?" akasema Siwatu. "Kobe anaziba vyungu hapa hapa, nyuma ya ukuta huu. Namwona kila nikipita juu ya mapaa."

"Hapa?"

"Hapa! Nifuate!"

Wakaenda mbio. Kobe alikuwa amekwisha kufunga vyombo vyake, anahama mji kwa kukosa wateja. Alipoona chungu kinaingia mlangoni, akavifungua tena upesi. Akakiziba, Swala akaondoka anapiga vigelegele, na Kobe akamjazia Siwatu korosho viganja viwili.

"Ukiniletea mwingine, nitakupa tena," akasema.

Mkia wa Siwatu ukasimama wima. Akarudi anaruka, paru! paru! paru!

"Wanangu! Tumepata kazi!"

Mtaji hakuwa nao, na wa kumkopesha hakuwapo. Alikuwa na miguu, macho na mdomo. Alipita mapaa yote akichungulia madirishani: "Hodi! Wewe unafanya nini? Unafungua lini? Kazi yako nzuri, au unalipua?" Kisha akakaa njia panda, akaita:

"Unatafuta nini? Nitakwambia nani yuko karibu!"

Wateja wakamiminika. Huyu anataka kinyozi, yule mkunga, yule wa kumtengenezea mlango. Siwatu anajibu huku, anaonyesha kule, na mafundi wanamletea kunde na mtama. Watoto wakanenepa, mji ukachangamka!

Uwanjani kwa Tembo pakabaki vumbi tu.

Asubuhi moja, ndi! ndi! ndi! Tembo huyo.

"We kajitu! Kuanzia leo kazi hii ni yangu. Wewe utanitumikia, na wanao watakula makombo. Ukikataa, nakukanyaga!"

Watoto wakajificha nyuma ya mama yao. Siwatu akatazama lile tumbo pana, akatazama kichochoro cha pembeni, akatabasamu.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa! Kazi ichukue. Lakini wateja watakuuliza, nawe mafundi huwajui. Njoo nikuonyeshe. Tuanze na kichochoro hiki, ndicho chenye mafundi wengi."

"Mbona chembamba?"

"Chembamba kwako? Bwana Tembo, kuta hizi zikikuona zitasogea zenyewe!"

Tembo akavimba kichwa, akaingia. Siwatu akatangulia juu ya ukuta. "Bado kidogo, Bwana! Hatua moja tu!"

Kwaa!

Tumbo likanasa. Mbele haendi, nyuma harudi.

"Mpaaaa! Kiboko! Njoo univute!"

Kiboko wa wapi! Yuko mtoni, kajilaza majini, hasikii. Jua likapanda, likamchoma Tembo mgongoni. Wanyama wakajaa huku na huku, wamejiziba midomo.

Siwatu akainama kutoka ukutani. "Unatafuta nini, Bwana Tembo?"

Tembo akajibu kwa sauti ndogo: "Namtafuta... wa kunitoa."

"Sisikii!"

"Nani yuko karibu wa kunitoa?"

Kwa-kwa-kwa! Mji mzima ukaangua kicheko.

"Yupo," akasema Siwatu. "Ila kwanza useme mbele ya wote: kazi ya kuelekeza wateja ni ya nani?"

"Yako."

"Na wanangu?"

"Sitawagusa. Naapa mbele ya mji wote! Nitoe, mama, naungua!"

Siwatu akagonga dirisha dogo lililokuwa karibu kabisa na nyonga ya Tembo. "Mama Ndezi, mkamua ufuta! Una mteja, tena mkubwa!"

Mama Ndezi akatoka na mitungi ya mafuta, akammwagia Tembo kushoto na kulia. Wanyama wakamshika mkia. "Haya, wote! Vuta!"

Fwaaa! Tembo akachomoka kama kokwa la embe, akateleza mpaka uwanjani, na kuketi huko ananukia ufuta.

"Mafuta mazuri haya!" akasema Swala. "Mama Ndezi, kumbe uko hapa?" Na pale pale foleni ikajipanga dirishani.

Basi, wanangu, mdogo anayejua wanachokihitaji jirani zake hana sababu ya kumwogopa mkubwa asiyewajua.